Mwana wa Kitu

Alileta pasipoti asubuhi, mashine haijapata moto,
mhandisi wa mabomba, shati limemganda mgongoni.
Nakala mbili, za rangi. Nikasoma jina: HIDALGO.
Nikamuuliza, maana hapa Kisutu tumezoea kuulizana,
hili lina maana, au ni jina tu?
Akacheka. Kiswahili chake ni cha miezi minane:
"Mwana… wa… kitu."
Kitu gani?
"Kitu. Kitu tu. Siyo mtoto wa hivi hivi."

Nikaelewa upesi kuliko alivyotegemea.
Kwetu pia mgeni huulizwa, wewe mtoto wa nani,
kabla hajaulizwa kama ameshakula.

Mwanga ukapita chini ya kioo, akaendelea:
zamani, Uhispania, mwenye cheo hicho
hakuwa mfalme wala jamaa ya mfalme.
Pengine alirithi upanga na paa linalovuja.
Ila kodi halipi. Huo ndio uungwana wake wote:
karani wa daftari akifika mlangoni
analiruka jina lile
kama mtu anavyoruka dimbwi.
Na akibishiwa, kesi. Miaka. Wazee walitwe waape
kwamba baba yake hakulipa, babu yake hakulipa,
na hakuna jicho lililowaona wakilipa.
Wengine, akasema, walikipata kwa kuzaa tu:
wana saba wa kiume, mfululizo, ndani ya ndoa.

Nikamkumbuka shangazi Mwanahawa wa Buguruni.
Mabinti saba, mfululizo, ndani ya ndoa.
Mume alihama na redio.

Tuna neno letu, muungwana.
Zamani mtu alizaliwa nalo: asiye mtumwa, mwenye kwao.
Siku hizi ni yule anayekukanyaga sokoni
na kugeuka kusema samahani.
Neno limeshuka cheo, au limepanda, sijui.

Nikamkatia risiti. Bango liko ukutani,
ukiuza toa, ukinunua dai.
Akaikunja, akaitia kwenye pasipoti,
mwana wa kitu, kodi ya ongezeko la thamani ndani yake.

Usiku, Magomeni, nikalishusha bati la biskuti.
Stakabadhi kumi na nne za kodi ya kichwa,
zimekunjwa mara nne, zimechakaa kwenye mikunjo
mpaka unaona kidole upande wa pili.
Babu alibeba magunia bandarini.
Kila alikokwenda, moja ilikuwa mfukoni;
askari akimsimamisha, anaitoa kabla ya salamu.
Asiyekuwa nayo alipewa jembe
na barabara isiyofika kwake.

Kule mtu alithibitisha ubwana
kwa karatasi ambayo haikuwahi kuandikwa.
Babu alithibitisha kuwa ni mtu
kwa karatasi yenye muhuri na tarehe,
na jina lake, Kondo,
aliyezaliwa watu wakikimbia vita,
karani mmoja, sijui kwa haraka au kwa mzaha,
akaliongezea o.
Mwaka uliofuata mwenzake akanakili kosa.
Miaka kumi na minne babu yangu alilipa
kama Kondoo.
Hakusema. Au alisema, wakamwambia sogea, foleni ndefu.

Leo nimekuja nayo dukani, ile ya mwisho.
Nimeilaza kifudifudi kwenye kioo, polepole,
kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.
Nakala moja, ya rangi.
Nimejilipa, nimejikatia risiti.

Kuna chupa ya wino mweupe karibu na kikokotoo.
Nimeifungua. Brashi imenyanyuka juu ya ile o,
tone linajikusanya kwenye ncha.
Nimeirudisha chupani.

Herufi ile nayo ililipiwa.